Hodi ya Nne

Februari, Oulu, nyuzi ishirini na sita chini ya sifuri,
ila humu ukumbini joto la mashine lakausha midomo.
Aulikki amevaa viziba masikio.
Anapita kati ya makabati kama muuguzi wa zamu
aliyekatazwa kumgusa mgonjwa.

Kazi ya leo ni barafu.
Ghuba yote ya Bothnia imekatwa vipande sitini na vinne,
kila mashine na kipande chake,
na kila baada ya hatua moja ya hesabu
jirani humgeukia jirani:
kwako mpakani unene umefika sentimita ngapi?
upepo wako unasukumia wapi?
Hakuna anayeiona bahari nzima.
Hata Aulikki hajaiona,
na amezaliwa mita mia mbili kutoka ufukweni.

Kidole kimoja hakivunji chawa, twasema.
Sawa. Lakini hapa vidole sitini na vitatu vimeshainama
na chawa angali anatembea,
kwa kuwa hatua ya pili haianzi
mpaka wote wamalize ya kwanza.
Sitini na watatu wamekaa. Wanakula umeme.
Wanamsubiri wa arobaini na moja.

Hodi, inaita seva kuu.

Hodi.
Feni tu.

Hodi.

Kanuni hiyo aliiandika mwenyewe, miaka tisa iliyopita,
akijiona mwerevu: hodi tatu, kila moja na sekunde zake thelathini,
asiyeitikia ahesabiwe hayupo,
fungu lake apewe mwingine.
Wajua shida ya kimya?
Aliyekufa na aliyechelewa
wananyamaza sauti moja.
Ukiwa upande huu wa mlango
huna namna ya kujua kama ndani mna maiti
au mtu anayetafuta viatu.

"Mtoe," anasema Sampsa, kijana wa zamu,
mdomo umejaa mkate wa shayiri.
"Meli yataka ramani saa kumi na mbili."
Akamtoa. Kipande cha arobaini na moja,
bahari ya mbele ya Kemi, kikahamia kwa mashine ya tisa,
ambayo haikuuliza kwa nini.

Kemi. Huko ndiko aliko Veikko, kaka yake.
Tangu Oktoba, tangu walipogawana vitu vya baba
(yeye jiko la sauna, Veikko injini ya boti,
na misumeno ambayo hakuna aliyeitaka
mpaka mwenzake alipoitaka)
amemwandikia mara tatu.
Mara tatu, alama ya kijivu.

Saa tisa na dakika kumi na nne usiku
arobaini na moja ikaitika.
Nipo.
Na jibu mkononi, kamili, barafu yote ya Kemi hadi desimali ya sita.
Ilikuwa ikifanya kazi muda wote;
kilicholegea ni kichwa cha kebo.
Seva kuu ikalitazama jibu,
ikakuta pale pameshajazwa,
ikalitupa. Bila chuki.

Sampsa akacheka: tumekokotoa mara mbili!
Aulikki akalichota jibu lililotupwa,
akalilaza kando ya lile lililopokelewa,
tarakimu kwa tarakimu.
Yalikuwa sawa.

Saa kumi na mbili kasorobo nahodha mmoja,
juu ya meli ya kuvunja barafu, akabonyeza kitufe.
Ramani ikamjia kabla hajainua kikombe.
Akaiona bahari nzima. Akapiga mwayo.

Aulikki alifungua faili la kanuni.
Penye tatu, akafuta tatu.
Kielekezi kikapepesa, kikapepesa.
Nne? Kumi?
Ukingoja milele, vidole sitini na vitatu
vitaganda vimeinama,
na hicho nacho ni kifo, ila kina adabu.
Akairudisha tatu. Akavaa koti.

Nje, garini, pumzi yake ikiganda kwenye kioo,
akavua glavu kwa meno, akaandika:
Misumeno ichukue wewe. Upo?
Akaiweka simu kitini, uso juu,
akatoka kukwangua barafu.